Kadi ya Odette

Kabla ya kumzika Maman Nsimire, huko Katana, wanawe walikaa sebuleni wakibishana kuhusu picha ya kuweka juu ya jeneza. Kila mmoja wao alikuwa na simu, na katika kila simu mama yao alikuwamo: akimenya mihogo, akisinzia misani, akimkaripia mtu asiyeonekana. Walitafuta iliyo bora. Mmoja alitaka ile ya Pasaka, mwingine akasema katika ile ya Pasaka amenuna, dada yao akasema mama alikuwa mtu wa kununa na hakuna haja ya kuficha. Wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu. Mwana mkubwa akanigeukia akasema, "Tonton Josué, weye njo unajuaka hii mambo. Utuchagulie moja." Nikamjibu kwamba zote ni za mama yao na yoyote itafaa. Nikatoka uani, nikasimama karibu na wanawake waliokuwa wakipika maharagwe ya wafiwa, nikangoja macho yangu yatulie. Mama yule nilimjua kwa sababu ya picha moja, katika mwaka ambao picha moja iliweza kuwa kazi ya majuma mengi. Wanawe walikuwa wadogo mno wakati huo, na sidhani kama aliwahi kuwasimulia. Ndiyo maana ninaiandika habari hii, kwa utaratibu, jinsi ilivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa kijana asiye na diploma wala kazi, na Papa Bahati alinichukua katika studio yake ya picha, mtaa wa Nyawera mjini Bukavu, kwa sababu nilijua kuwasha mashine na yeye hakutaka kujifunza. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na turubai lililochorwa ndege na maporomoko ya maji, benchi la wanaongoja, kioo chenye ufa, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Pembeni ilining'inia koti moja jeusi na tai yake. Kila mwanamume wa mtaa aliyehitaji picha ya kitambulisho alilivaa koti lile, kwa hiyo ukipanga picha zetu mezani uliona nyuso nyingi zikitoka katika mabega yaleyale. Siku moja dereva wa pikipiki alilivaa, akajitazama kiooni akasema, "Papa Bahati, hii veste iko na batoto ngapi sasa?" Papa Bahati akamwambia anyamaze, mdomo ukifunguka picha inatoka na meno. Mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja akadakia kwamba afadhali meno, yeye picha za hapa zinamzeeshaka. "Photo haizeeshaka mutu, maman," Papa Bahati akasema bila kuinua kichwa. "Iko inakuonyesha tu mambo yenye sisi tunanyamazaka."

Chumba cha nyuma kilikuwa zamani chumba cha giza, mahali pa kusafishia filamu. Kuta zake zilipakwa rangi nyeusi, na ingawa dawa zilikuwa zimekwisha siku nyingi, harufu yake kali ilibaki katika mbao. Taa nyekundu ilikuwa bado darini. Humo ndimo tulimoweka mashine, na humo ndimo tulimokula mchana: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza wa kukaanga, samaki wadogo wa ziwani, ambao mke wa Papa Bahati aliwaleta katika beseni lililofunikwa kitambaa. Papa Bahati alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyemwona, kwa mazoea ya kushika dawa. Tulikula kimya, tukisikiliza maneno ya walioketi kwenye benchi upande wa pili wa ubao uliotenga vyumba viwili. Kwa njia hiyo nilijifunza bei ya muhogo, jinsi barabara ya Bunyakiri ilivyokatika tena, nani ameoa na nani amekimbia. Leo ninapofanya kazi katika ofisi zenye viyoyozi, ambako kila mtu ana vifaa vya kuziba masikio, huwa naukumbuka ubao ule mwembamba. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa ninasoma shule.

Nieleze pia kuhusu mashine, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mashine ya kwanza ya studio iliharibiwa na virusi. Mwaka ule virusi vilizunguka Bukavu kwa vijiti vya kuhifadhia kazi, kutoka cyber moja, duka la intaneti, hadi nyingine, kama upele katika bweni. Harusi nzima ilipotea mikononi mwetu: mafaili yalikuwepo kwa majina, na ndani hamna kitu. Bibi harusi alikuja na mama mkwe wake, wakaketi kwenye benchi, wakasikiliza maelezo yangu, wakaondoka. Baada ya hapo nilimwomba mwanafunzi mmoja wa chuo diski ya Linux, mfumo huria ambao virusi vile havikuuweza, nikauweka mwenyewe kwa kufuata karatasi. Mafundi wa mjini walinicheka. Walisema mfumo wa bure ni kama mke asiyetolewa mahari, siku yoyote anarudi kwao. Mimi niliupenda kwa sababu haukunificha kitu. Ulipokosea uliandika kosa lake, na mtu mwenye subira aliweza kulisoma.

Papa Bahati alikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwa mpiga picha mwingine. Hakuweka negativu za wateja. Zamani, wakati wa uporaji, askari walivunja studio yake na kumwaga negativu zote barabarani, na aliona watu wa mtaa wakikanyaga nyuso zao wenyewe matopeni. Tangu hapo alisema nyumba moja isiweke sura za mji mzima. Kila mtu akae na yake. Aliposafisha filamu alitoa picha na negativu pamoja. Kisha zikaja kamera za kidijitali, naye hakubadilisha desturi. Alinunua kadi ndogo za bei rahisi kwa mfanyabiashara aliyezitoa Kampala, akapiga sherehe moja katika kadi moja, akachapa picha chache, na kadi akampa mwenye sherehe. "Hii njo négatif," aliwaambia. "Muichunge." Na mkono wake, uliozoea filamu, ulibaki na ubahili wa filamu. Kadi ingeweza kubeba mamia ya picha, yeye alipiga chache akaifunga. Watu nao waliichunga kama walivyoelewa. Walijua kwamba mwanga huua filamu, kwa hiyo waliifunga kadi kwa karatasi nyeusi, wakaiweka ndani ya boîte, kopo la maziwa, chini ya nguo. Katika nyumba nyingi za Kadutu kulikuwa na boîte ya namna hiyo.

Maman Nsimire alikuja na ya kwake asubuhi moja ya mvua. Alikuwa anauza sambaza waliokaushwa katika soko la Kadutu, mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja, lakini siku hiyo aliongea chini sana. Binti yake wa kwanza, Odette, alikuwa amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi huko kisiwani Idjwi. Alipanda boti ya injini iliyojaa watu, magodoro na magunia ya saruji. Upepo uliwakuta katikati na boti ikapinduka. Wengine waliokolewa na wavuvi. Wengine waliokotwa baadaye. Odette hakuonekana. Watu wa ziwa wanajua kwamba Kivu hairudishi kila inachochukua, na baada ya muda wavuvi wenyewe walimwomba mama aache kuwalipia mafuta. Padri alikubali kumsomea misa bila mwili. Kilichobaki kilikuwa siku ya kuondoa kilio, ambapo jamaa hukusanyika, hula pamoja, huvua weusi, na picha ya marehemu husimamishwa mezani ili watu wapite mbele yake. Mahali ambapo hakuna kaburi, picha ile ndiyo kaburi. Naye hakuwa na picha. Za utotoni ziliungua pamoja na nyumba yao ya kwanza, kitambulisho na kadi ya shule vilikuwa katika mkoba, na mkoba ulikuwa majini. Picha alizochapiwa siku ya diploma, Odette alikuwa amezibeba kwenda nazo Idjwi ili akazibandike ukutani. Kadi ilibaki kwa mama.

Aliitoa boîte chini ya kitenge, akaiweka mezani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. "Papa Bahati, funga mulango kwanza," akasema. "Na ile taa ya rouge, uwashe." Nilifungua kinywa nimweleze kwamba kadi si filamu, kwamba mwanga hauidhuru. Papa Bahati alinitazama. Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa ubao wake wa zamani, akawasha taa nyekundu iliyokuwa haijawashwa siku nyingi. Tukasimama watatu katika mwanga ule wa damu, na Maman Nsimire akakunjua karatasi nyeusi taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, kama mtu anayefungua nguo za mtoto mchanga aliyelala. Alituambia kwamba mwangaza haukuwahi kuigusa. Tangu Odette apotee alikuwa anaifungua gizani, anaigusa kwa kidole, anaifunga tena. Papa Bahati akamwambia, "Umeichunga muzuri, maman." Mambo niliyoyajua siku ile yalikuwa ya kweli, na hayakuwa na nafasi katika chumba kile.

Shida ilikuwa kamera, maana picha tulizitoa kadini kwa kuichomeka kamera yenyewe kwenye mashine. Kadi ile ilikuwa ya namna ndogo na nyembamba ambayo kamera za aina moja tu ziliitumia, na kamera ya Papa Bahati ya aina hiyo ilikuwa imechukuliwa na watu wenye silaha barabarani, alipokuwa anarudi kutoka harusi. Hakukuwa na nyingine mjini tuliyoifahamu. Papa Bahati aliagiza kwa yule mfanyabiashara kisoma kadi, kifaa cha kuchomeka kwenye mashine kwa waya wa USB, chenye midomo ya kadi za kila namna. Kiliwasili kikiwa kimefungwa kwa plastiki, cheusi, chepesi kama kiberiti kitupu. Nilikichomeka. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Nikaingiza kadi ya Odette katika mdomo wake mwembamba, na mashine haikusema lolote. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Kimya. Maman Nsimire alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikasikia pumzi yake ikibadilika. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui bado kama kilichokufa ni kadi, kifaa au mashine yangu. Akauliza lipi ningependelea. Nikamwambia mashine. "Basi niko naomba ikuwe mashine," akasema, akaenda sokoni.

Kulikuwa na njia fupi. Cyber za mjini zilikuwa na mashine za mfumo mwingine, na mmiliki wa moja aliniambia nilete kifaa na kadi, atajaribu. Lakini mashine zake zilijaa virusi vilevile vilivyokula harusi ile, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi vinavyoruka kutoka mashine hadi kadi mara tu inapochomekwa. Nilimweleza Maman Nsimire hatari hiyo bila kuiongeza wala kuipunguza. Alifikiri, akasema kwamba akiipoteza hapo hana pengine pa kwenda, afadhali angoje. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake, na kungoja kukawa kwetu sote. Kila jioni alipofunga meza yake sokoni alipitia studio, akaketi kwenye benchi na beseni lake, harufu ya samaki ikiingia hadi chumba cha nyuma. Hakuuliza. Alisalimia, akapumzika miguu, akaondoka. Wateja walianza kumwachia nafasi yake pale mwisho wa benchi.

Nilifanya kazi kwa njia pekee niliyoijua: kubadilisha kitu kimoja, kutazama, kuandika, kisha kingine. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha tundu. Niliiambia mashine inionyeshe vifaa vyote vilivyochomekwa, na kisoma kadi kilikuwa katika orodha, kimetambuliwa, na jina lake la kiwandani. Kwa hiyo waya ulikuwa mzima na mashine ilijua kuna mgeni mlangoni. Nikaazima kadi ya namna nyingine, ile kubwa na nene, kwa mpiga picha wa Ibanda, nikaiweka katika mdomo wa kwanza. Ikafunguka mara moja, na nyuso za watu nisiowajua zikajaa kwenye kioo cha mashine. Nikatia kadi za namna nyingine katika mdomo wa pili, wa tatu. Kimya. Siku hiyo nililala nikiwa na kitu cha kushika. Kifaa kilikuwa kizima. Kadi ya Odette ilikuwa haijaulizwa bado. Mashine yangu ilibisha hodi kwenye chumba cha kwanza cha nyumba ile, yaani mdomo wa kwanza wa kifaa, ikajibiwa kwamba hamna mtu, ikageuka ikaenda zake, na vyumba vingine havikujua kwamba kuna mtu aliyekuja.

Wakati huohuo jamaa walichoka. Siku ya kuondoa kilio ilikuwa imepangwa na padri, Jumamosi, na wageni wa Katana walikuwa wameshaarifiwa. Kaka yake Maman Nsimire, mtu mpole, mshauri wa parokia, alikuja kumchukua jioni moja, nami nikawasikia kupitia ubao nikiwa nimeinamia kibodi. Alimwambia kwa upole kwamba kilio hakiwezi kungojea mashine. Wataweka bougie inayowaka na msalaba, watu wataelewa. "Mungu anajua sura yake, dada."

Benchi likalia kidogo. Kisha Maman Nsimire akasema, "Mungu anaijua. Miye njo niko naisahau."

Sikugusa kibodi mpaka waliposimama na kuondoka. Nimesikia watu wengi wakiomboleza tangu wakati ule. Mji huu haukosi. Sijasikia tena mtu akisema jambo hilo waziwazi namna ile. Aliogopa Odette asije akapotea mara ya pili, na mara hii ndani ya kichwa chake mwenyewe, ambako hakuna wavuvi wa kutuma.

Nilipata jibu cyber, kwa Kifaransa, katika ukurasa ambao watu wasiojuana waliulizana na kujibizana. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, alikuwa na kisoma kadi cha midomo mingi na mdomo wa kwanza tu ulifanya kazi. Mwingine akamjibu kwamba mfumo, jinsi ulivyotayarishwa, huuliza kitengo cha kwanza tu cha kila kifaa, na kwamba inatosha kuandika mstari mmoja katika faili fulani ili kuuambia uulize vitengo zaidi. Aliyeuliza alishukuru. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, kama watu wawili wanaoelekezana njia. Nilinakili mstari ule kwa mkono, herufi kwa herufi, nikaukagua, nikarudi studio. Niliuandika, nikazima mashine, nikaiwasha. Hakuna kilichobadilika. Nikakata umeme kabisa, nikawasha tena. Hakuna. Nakumbuka niliegemea ukuta mweusi na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba mafundi walionicheka walisema kweli.

Kesho yake nilirudi cyber nikausoma ukurasa wote, hata yale maneno ya mwisho niliyokuwa nimeyaruka. Sehemu ya mfumo inayohusika na diski huamka mapema sana, kabla mafaili ya maagizo hayajasomwa. Mstari wangu ulikuwa sahihi. Ulifika baada ya mambo kuisha. Ilibidi kuutia ndani ya kifurushi ambacho mashine hukisoma kwanza kabisa inapoamka, na kulikuwa na amri ya kukitengeneza upya. Niliitoa amri ile asubuhi ya Alhamisi, umeme ulipokuja, nikaogopa kupumua mpaka ilipomalizika. Mashine ilipowaka tena, ilihesabu vyumba vya nyumba ile kimoja baada ya kingine na kuviandika kwenye kioo. Nikaingiza kadi katika mdomo wake. Ikaandika kwamba kuna diski, ndogo, na kwamba inaweza kusomwa. Papa Bahati alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia lenzi mkononi. Nilitaka kufungua picha. Akasema, "Hapana. Muite mwenyewe kwanza." Akaenda sokoni kwa miguu, mzee yule, kumleta.

Walipofika, Papa Bahati alifunga mlango. Maman Nsimire akaketi kwenye kiti changu, kitenge chake kikiwa na magamba ya samaki. Nikafungua picha ya kwanza.

Kwetu matokeo ya mtihani wa Serikali, ule wa diploma, yanapotoka, aliyefaulu humwagiwa poda. Hakuna anayengoja. Jina likisikika tu, majirani hutoka na makopo, poda ya watoto wachanga, na ikikosekana, unga wa muhogo. Humwagwa kichwani, usoni, shingoni, na mtahiniwa huzungushwa mtaani akiwa mweupe ili kila mtu ajue. Mpiga picha huitwa baadaye. Kwa kweli bila poda hakuna wa kumwita mpiga picha, kwa maana poda ndiyo habari yenyewe. Sote watatu tulijua desturi hiyo. Papa Bahati alikuwa amezipiga picha zile kwa mkono wake. Na katika majuma yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyewaza jambo hilo.

Kwenye kioo alisimama msichana mweupe tangu nywele hadi kifua, mikono juu, macho yamefumbwa, kinywa wazi. Nyusi hazikuonekana. Nikafungua ya pili: amekumbatiwa, uso umegeuka, mweupe. Ya tatu, ya nne. Katika ya mwisho alikuwa ametulia, anatazama kamera, macho wazi, na jasho au machozi ya kicheko vilikuwa vimechora mistari miwili myembamba mashavuni ambamo ngozi yake halisi ilionekana. Maman Nsimire aliomba tubaki kwenye hiyo. Aliitazama kwa muda mrefu. Upande wa pili wa ubao mtu alikuwa anabishania bei ya picha za kitambulisho.

"Josué," akasema mwishowe, "mutoto yangu. Unaweza kumuosha?"

Nilimwomba anipe siku moja. Nilikuwa na programu ya kuchora, huria nayo, na nilikuwa nimejifunza kufuta madoa na mikunjo. Nilijaribu kupunguza weupe. Uso ukawa wa majivu. Nilichukua rangi ya ngozi kutoka nyuma ya sikio, ambako poda haikufika, nikaipaka kidogo kidogo juu ya paji, pua na mashavu, nikachora nyusi kwa kukisia. Kufikia alasiri nilikuwa na msichana safi, mzuri, anayetabasamu. Papa Bahati akaja, akavaa miwani, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikafuta kazi yote. Chini ya poda, katika kadi, hapakuwa na uso. Kamera ilikuwa imeona nyeupe na kuandika nyeupe, na chochote ambacho ningeweka pale kingetoka kwangu.

Ijumaa Maman Nsimire alikuja pamoja na kaka yake. Nikawaeleza hivyo, kwa maneno machache. Kaka yake akaitazama picha, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyevaa kilio hawezi kupita mbele ya poda, poda ni ya furaha, watu hawatajua waangalie wapi. Alisema afadhali msalaba. Hakuwa na ubaya. Maman Nsimire alinyoosha mkono akagusa kioo cha mashine, pale penye mstari mmoja wa ngozi.

"Mumuache vile," akasema. "Hii poda ni miye nilimumwangia. Boîte muzima. Alikuwa anasema maman inatosha, inatosha, na miye naendelea tu."

Nikachapa. Printa yetu ilikuwa ya polepole, ikitoa karatasi mstari kwa mstari, naye akainama juu yake akitazama jinsi Odette anavyotokea: kwanza ukuta wa nyumba, kisha nywele, kisha macho. Mtu asiye wa kazi hii huenda hajui kwamba printa haina wino mweupe. Palipo nyeupe inapita bila kuacha kitu, na unachokiona ni karatasi. Papa Bahati alimwonyesha jinsi ya kuishika picha kwa kingo, vidole vikiwa mbali, kwa sababu wino mbichi hufutika. Maman Nsimire akaketi nayo kwenye benchi, ameiweka juu ya viganja, akiipepea kwa pumzi. Mara kwa mara aliniuliza kama bado. Ukuta ulikuwa umekwisha kukauka, na mikono, na nguo. Aliuliza kama uso nao umekauka. Nikamwambia angoje kidogo, akangoja, na sikumweleza kwamba pale hapakuwa na wino.